Susu Aliyekuwa Mjukuu Wake Mwenyewe

Nilisimamisha harusi ya binti yangu kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye, kwa mujibu wa penseli yangu, alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Tena sikuisimamisha kimya kimya. Niliandika kwenye kundi la simu la ukoo mzima, kwa herufi kubwa: HAWA WATOTO NI NDUGU. MBUZI WASILETWE. Halafu nikatoka kwenda kulisha kuku, roho imetulia kama ya mtu aliyeokoa kizazi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana mke wangu naye ana namna yake ya kueleza, na haina huruma.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wako wanaume wanaojulikana hapa Machakos kwa biashara, wengine kwa kwaya, wengine kwa kesi za mashamba. Mimi najulikana kwa kupatikana. Ukija asubuhi nipo, ukija jioni nipo, na ukipita tu barabarani bila nia ya kuingia nitakuwa nimeshakuona. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kufuga kuku, na kama shule ilinisaidia katika ufugaji, kuku hawajawahi kusema. Mke wangu ndiye anayetoka. Anauza machungwa na maembe Kyumbi, pale magari yanapokata kona kuja huku kwetu, na jioni ananiletea habari za dunia. Mimi namwandalia chai, nazipokea.

Kifungua mimba wetu ni msichana, anapanga Syokimau na kufanya kazi ya kompyuta Nairobi. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba anatengeneza kompyuta. Hatengenezi. Nilikuja kujua kazi yake hasa mwaka jana, siku alipomleta kijana wa watu kutoka Mwala.

Kijana alikuwa mpole, mwenye kula bila kuchagua, na mke wangu alimpenda kabla hajamaliza chapati ya pili. Upande wa baba hakukuwa na neno. Sisi Wakamba jambo la kwanza kumuuliza mgeni wa namna hiyo si mshahara, ni mbai, yaani ukoo wake wa upande wa baba. Mbai yake ilikuwa nyingine na yetu nyingine. Tukashukuru, tukapanga Jumamosi ya kupokea mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao wakishavuka lango, msichana amehesabika mke wa mtu, hata kama kanisa bado halijatangaza chochote.

Hapo ndipo dada yangu, ambaye Mungu alimpa masikio kabla ya kumpa vingine, akauliza, "Na upande wa akina mama, mwanangu?"

Kijana akasema bila wasiwasi kwamba mama wa susu yake, yaani wa bibi yake, alitokea vilima hivi hivi vyetu. Akataja jina. Lilikuwa jina la susu yangu mimi, aliyemzaa baba yangu.

Dada yangu akaweka kijiko chini. Mbai hupita kwa baba na kila mtu anaijua, lakini damu ya akina mama hupita kimya. Inaolewa hapa, inaolewa pale, inabadilisha mbai kila kizazi, na haiachi alama mlangoni. Ikiwa hawa wawili waliteremka kwa mwanamke mmoja, mbuzi hawangevuka lango letu, na hakuna ambaye angejadiliana. Binti yangu alikuwa akiangalia sahani yake. Mkono wake ulikuwa chini ya meza, na wa kijana pia haukuonekana.

"Itafutwe," dada akasema. "Na atafute huyu. Hatoki, hana pa kwenda."

Ndivyo nilivyopewa kazi.

Siku ile binti alinichukua kando, karibu na banda la kuku, akawa anajaribu kucheka. "Baba, umepewa kazi yangu."

"Kazi yako si ni kompyuta?"

"Ndani ya kompyuta kuna nini sasa? Kuna vitu vingi, mamilioni, na mistari inayoviunganisha. Watu wanatuuliza swali moja tu: kutoka hapa, naweza kufika pale? Hawaulizi njia. Wanataka ndiyo ama hapana, na wanataka haraka."

"Si mnafuata mistari tu?"

"Ukifuata mistari kila mara mtu akiuliza, utazeeka. Lakini wewe anza hivyo, ukoo wetu si mkubwa sana." Akanipa sheria zake. Kila mtu awe na sanduku lake. Mshale utoke kwa mzazi uende kwa mtoto. Na ya mwisho aliyoikazia sana: "Usiandike mtu mmoja mara mbili, Baba. Mtu mmoja, sanduku moja. Ukimrudia, kila kitu kinaharibika."

Mkumbuke sheria hiyo, maana ndiyo niliyoitii.

Nilipasua mifuko ya saruji iliyobaki tulipojenga choo, nikageuza upande safi, nikaibandika kwenye ukuta wa sebule. Nikapiga simu. Sijawahi kuongea na jamaa zangu kiasi kile, na wengine walidhani nimeugua na ninaaga. Masanduku yakaenea kutoka dirishani hadi kwenye kalenda, na mke wangu akawa anakunywa chai akiwa amegeuzia ukuta mgongo.

Kisha nikaanza kutembea kwa kidole. Naanzia kwa binti yangu, nafuata kila mstari, nikifika kwa mtu nafuata mistari yake yote, na kadhalika. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimegundua kwamba binti yangu ana undugu na chifu, na mwenye bucha, na jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mama aliyekuja na mumewe kutoka Murang'a kufungua duka la vitambaa, asiye na tone la damu ya Kikamba.

Jirani huyo hupita kwetu kununua mayai na kunieleza makosa yangu. Nilimwonyesha ukuta kwa fahari.

"Kwa hivyo mimi na wewe ni ndugu?" akauliza.

"Kupitia shemeji ya binamu ya mke wa…"

"Basi leo silipi mayai."

Alilipa, lakini baada ya mjadala.

Nikampigia binti. Akacheka mpaka nikatoa simu sikioni. "Baba, umefuata mistari ya ndoa! Ukifuata ya ndoa na ya damu pamoja, Machakos yote ni mtu mmoja. Fuata ya damu peke yake. Na upande juu tu, usishuke. Panda kutoka kwangu, panda kutoka kwake, uone kama mnakutana kwa mtu."

Siku moja nilijaribu ujanja wa kivivu. Nikasema, badala ya kupanda kila dada yangu akiniuliza, niandike majibu yote mara moja: fulani na fulani, ndiyo, fulani na fulani, hapana. Karatasi za saruji ziliisha kabla sijamaliza watoto wa baba mdogo mmoja. Binti aliniambia hilo nalo ni tatizo linalojulikana kazini kwao, wala si upumbavu wangu peke yangu. Ukitembea kila mara, unakula wakati. Ukiandika kila jibu, unakula ukuta. Watu wanalipwa kutafuta kitu cha katikati.

Nikarudi kwenye kidole. Nikapanda kutoka kwa binti: kwangu, kwa baba yangu, kwa susu. Nikapanda kutoka kwa kijana: kwa mama yake, kwa bibi yake, kwa mama wa bibi yake. Jina la susu. Na jina la susu lilikuwa na sanduku tayari, kwa sababu mtu mmoja ni sanduku moja. Mishale miwili ikatoka kwenye sanduku lile lile, mmoja ukateremka kwa binti yangu na mwingine kwa mchumba wake.

Nilikaa kidogo. Nisingependa mfikiri nilifurahi. Lakini nilikuwa nimepewa kazi, kwa mara ya kwanza tangu kidato cha nne, na nilikuwa nimepata jibu. Nikachukua simu nikaandika zile herufi kubwa.

Mke wangu alizisoma akiwa Kyumbi, katikati ya mteja na chenji yake. Alifika nyumbani kabla ya saa yake.

"Umefukuza athoni na penseli?" Athoni ni wakwe, na alivyolitamka neno hilo ungedhani nimewafukuza kwa mbwa.

"Si mimi. Ni damu."

"Damu gani? Hiyo ni saruji."

Binti hakujibu kwenye kundi. Hakujibu hata nilipompigia. Mama wa kijana aliandika ujumbe mfupi wa adabu, akitushukuru kwa ukarimu wetu na kututakia baraka, na adabu hiyo ilinikaa kifuani kuliko kama angenitukana. Kuku wenyewe siku zile niliwaona kama wananipita kando.

Binti alikuja mwenyewe mwisho wa juma, mchana, na begi begani. Alimsalimia mama yake. Mimi akanipa mkono, kama unavyompa mwalimu mkuu wa zamani. Kisha akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, macho yamevimba kidogo, na nikaona hasomi majina. Alikuwa anaangalia mistari jinsi fundi anavyoangalia paa.

"Kama ni kweli, nitakubali," akasema. "Lakini nataka nihakikishe mwenyewe. Lete kalamu nyekundu."

Nikaleta.

"Kazini hatutembei kila mara. Tunatembea mara moja, tunawaachia watu alama. Fikiria wewe ni mgeni, unatembelea ukoo wote kuanzia juu. Ukiingia kwa mtu, unaandika namba mlangoni. Hutoki kwake mpaka uingie kwa watoto wake wote, na watoto wao. Ukimaliza, unatoka, unaandika namba ya pili. Kila mtu anabaki na namba mbili, ya kuingia na ya kutoka. Siku mtu akiuliza kama huyu ameteremka kwa yule, huhitaji kutembea tena. Unaangalia tu kama namba za huyu zimeingia ndani ya za yule."

"Kama sufuria za seti," mke wangu akasema kutoka jikoni. "Ndogo ndani ya kubwa."

"Hapo hapo, Mama."

"Lakini mtu ana wazazi wawili," nikasema, nipate na mimi la kusema. "Ataingia sufuria mbili."

Binti akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. "Umeuliza swali ambalo wenzangu wengine hawakuuliza. Ndiyo maana tunazunguka mara kadhaa, kila mara kwa mpangilio mwingine, na kila mtu anapata jozi zaidi ya moja. Jozi moja ikikataa, imekwisha, hapana. Hiyo hapana hata usiende kuangalia. Zote zikikubali, hiyo bado si ndiyo kamili. Inabidi uende ukahakikishe kwa kutembea. Lakini maswali mengi yanaishia kwa hapana, kwa hivyo miguu inapumzika."

Akaanza juu kabisa, kwenye sanduku la susu, akaandika namba ya kuingia. Akateremka kwa baba yangu mkubwa, akaandika. Akataka kuteremka kwa binti wa baba mkubwa, na hapo kalamu ikafuata mshale, ikapanda, ikapinda, ikapita juu ya kalenda, ikarudi kwenye sanduku la susu.

Akasimama. "Baba, hapa niko wapi?"

"Kwa susu."

"Nilishatoka kwa susu?"

"Bado."

"Sasa ninaingiaje nyumba ambayo niko ndani yake?"

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaja kuangalia.

"Kazini tukipata mduara kama huu," binti akaendelea, na sasa alikuwa anaongea haraka, "tunawafunga wote fungu moja, tunasonga mbele, hakuna shida. Lakini hawa ni watu. Hakuna mwanamke amejizaa. Baba, huyu binti wa baba mkubwa anaitwa nani?"

Nikataja jina. Lilikuwa la susu, bila shaka. Kwetu mtoto huchukua jina la bibi au la babu. Jina hushuka, huruka kizazi kimoja, hushuka tena. Baba yangu mkubwa alimwita binti yake "mama" mpaka alipofariki, na mimi mwenyewe, nikiwa na jina la babu, nimeitwa "baba" na baba yangu aliyenichapa. Najua mambo haya kama ninavyojua mlango wa banda. Lakini nilikuwa nimeambiwa mtu mmoja, sanduku moja, na katika kutii kwangu nikawa nimeweka jina moja, sanduku moja.

"Huyo yuko hai," mke wangu akasema. "Ameolewa Kinanie. Si alikupigia simu juzi kuuliza bei ya vifaranga?"

"Alipiga."

"Ukaongea naye, ukakata simu, ukarudi hapa ukamweka kaburini na susu yako."

Binti alikuwa ameweka kidole juu ya sanduku. "Kwa hivyo humu ndani kuna watu wawili. Na kama kuna wawili…" Hakumaliza. Alihesabu mishale inayotoka. Ule wa kuteremka kwa mchumba wake ulikuwa pale pale, umechorwa na mkono wangu, umekazwa mara mbili kwa penseli.

"Huyu wa kwao anaweza kuwa wa tatu," nikasema.

"Anaweza. Ama anaweza kuwa susu kweli. Ukuta hauwezi kuniambia." Sauti yake ikapungua. "Hii ndiyo ile inayotaka kutembea."

Mke wangu akaninyooshea mwiko. "Kuna mtu hapa miguu yake imepumzika miaka."

Kesho yake nilienda Mwala. Naliandika kama jambo dogo, lakini nilivaa koti. Nilishuka kituoni na kuchukua boda boda, na njia nzima dereva aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kupanda, kwa jinsi nilivyomkumbatia. Kulikuwa kumekauka. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ukuta wa bwawa la mchanga, na kina mama walikuwa wakichimbua mchanga wa mto wapate maji ya kuteka.

Bibi wa kijana nilimkuta uani akipepeta ndengu. Ni mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukupima bei. Alinitazama kutoka kofia hadi viatu.

"Wewe ndiye yule wa herufi kubwa?"

Nikakubali kwamba ni mimi.

"Mjukuu wangu hakuli kwa sababu yako. Na huyo ni mtu wa kula. Kaa chini."

Nikakaa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba njiani, ikapotea yote. Nikamuuliza tu: mama yake alikuwa mtoto wa nani?

"Wa Yatta," akasema. "Babangu alimwoa akitoka huko kwenu, lakini hakuwa wa huko kwenu. Alipelekwa akiwa msichana kuishi na shangazi yake aliyekuwa ameolewa kwenye hivyo vilima. Mbai yao ni ya huko Yatta." Akaitaja. Haikuwa yetu, wala ya kwao susu yangu, wala ya yeyote aliyekuwa ukutani kwangu.

"Lakini jina," nikasema.

"Jina! Liite hilo jina sokoni uone ni wanawake wangapi watageuka." Akarusha ndengu juu, akazipokea. "Hata huko kwenu alikuwa na wajina wake. Alikuwa akituambia. Nyumba ya pili kutoka kwa shangazi, mke wa mtu, amemzidi umri kidogo. Walikuwa wakienda kuteka maji pamoja, na watu wakiita jina wanaitika wote wawili, wanacheka. Huyo wajina alikuwa na alama ya moto hapa." Akagusa kiwiko chake cha kushoto.

Mkono wa susu ulikuwa na alama ya moto kwenye kiwiko cha kushoto. Niliishika nikiwa mtoto, nikimuuliza kama bado inauma.

Nikawaona basi, wanawake wawili kwenye njia moja ya mto, kila mmoja na maji yake mgongoni. Sanduku moja lisingewatosha. Nilikuwa nimekuja kutafuta kama mmoja wao ndiye mwingine, na hapa nimeambiwa walikuwa marafiki. Nikafuta macho, nikasingizia makapi ya ndengu.

"Sasa unalia nini?" bibi akauliza. "Watoto wanaoana ama hawaoani?"

"Wanaoana."

"Basi andika. Na herufi kubwa, kama zile zingine."

Niliandika pale pale uani kwake, naye akasimama nyuma yangu kuhakikisha. Binti alijibu mara hiyo hiyo. Hakuandika neno, alipiga simu: "Baba, umefika Mwala peke yako?" Nikasema nimefika. Akasema, "Asante, Baba," na huko nyuma nikasikia mama yake akiuliza kama nimekula.

Jumamosi nyingine walikuja. Kwanza tuliwasikia, maana mjomba wa kijana ana sauti na kina mama walikuwa wameanza kuimba tangu barabarani. Nilikuwa nimekimbilia langoni, koti mwilini, nimejipanga kutoa maneno ya kuwakaribisha athoni, na kueleza kidogo, kwa ufupi, jinsi uchunguzi ulivyofanyika na kwa nini hapana ya namba ni bora kuliko ndiyo ya kidole. Mbuzi wa kwanza alinifikia nikiwa kwenye sentensi ya pili. Alikuwa mweupe mwenye masikio meusi, na kijana ndiye aliyeshika kamba, ananitazama kwa heshima na hofu, hajui apite au asubiri. Nyuma ya mbuzi watu walikuwa wanarundikana. Binti yangu alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

Jirani yetu wa Murang'a, aliyekuja kusaidia kupika, alitokea nyuma yangu amebeba karai la viazi, akanisukuma kwa kiwiko na kusema mbele ya wageni wote:

"Mzee, huo undugu umekuwa ukitafuta kwa karatasi ndio huu unaingia na miguu minne. Toka kwa lango, umezibia watu njia."